Uzi: Kijana wangu usiku anaamrisha kikosi kizima kwenye gemu, mchana hawezi kumwambia konda "shusha"

Baba_Ukonga

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la teknolojia. Mkisoma mpaka chini mtaona simu ni nusu tu ya habari.

Nina kijana wa miaka 16, kamaliza kidato cha nne Novemba. Wenye watoto wa rika hilo mnaujua huu msimu. Mtihani umeisha, kidato cha tano mpaka Julai, katikati hapo kuna miezi saba na ushee ambayo mtoto yuko nyumbani, hana kengele wala kiranja. Wenzake walipelekwa tuisheni ya kujiandaa. Mimi mfuko haukuruhusu, nikamnunulia simu kama zawadi ya kumaliza shule, nikajiona baba wa maana.

Desemba sikuona shida. Januari matokeo yakatoka, kafaulu vizuri. Februari ndipo nilipoanza kuhesabu. Analala saa kumi alfajiri, anaamka saa saba mchana, anapakua chakula na kwenda nacho chumbani. Mgeni akipiga hodi, kabla sijamkaribisha nasikia komeo la mlango wa kijana. Usiku nikipita koridoni namsikia kwenye gemu la Free Fire akipanga wenzake: "wewe zunguka kushoto, wewe nilinde, usikimbie." Sauti nzito ya mtu mzima, mpaka najisikia fahari. Mchana wake namtuma kwa Mangi akachukue sukari, anarudi mikono mitupu, eti Mangi kafunga. Naenda mwenyewe namkuta Mangi kakaa pale anapima mchele.

Sasa kilichonileta hapa. Wiki tatu zilizopita nilimtuma Kariakoo kwa rafiki yangu akachukue mzigo mdogo. Kurudi ni gari moja tu la Gongo la Mboto, anashuka kituo chetu kidogo kabla ya kituo kiitwacho Mombasa. Kawaida pale hashuki mtu mmoja. Siku hiyo, kwa bahati yake mbaya, hakukuwa na mwingine. Gari likapita kituo. Likapita Mombasa pia, maana aliona waliosimama mlangoni wamejaa na atalazimika kuwaomba njia. Alikwenda nalo mpaka mwisho Gongo la Mboto, akarudi kwa miguu na mzigo kichwani. Kafika usiku. Namuuliza kwa nini hukusema shusha, akanijibu kitu ambacho mpaka leo sijakimeza: "Baba, wote wangegeuka kuniangalia."

Mama yake anasema ni kiburi cha simu. Shangazi yake hataki hata kuja, anasema mtoto hasalimii. Nikachukua simu, nikaifungia kabatini wiki mbili. Nilidhani akikosa simu atatoka sebuleni akae na watu. Hakutoka. Alikaa chumba kile kile na mlango umefungwa, tofauti ikawa moja tu: usiku sikumsikia tena akicheka.

Swali langu ni hili. Simu ndiyo iliyomfanya aogope watu, au aliwaogopa kwanza ndipo akakimbilia kwenye simu?

siti_ya_dirishani

Nakaa hapa. Wataalamu wanakuja.

Kamanda Mstaafu

Mkuu, tatizo unamdekeza. Sisi tulitumwa usiku kwenda kwa jirani kuomba moto na hatukuwa na hofu ya kijamii. Hayo magonjwa yamekuja na bando. Mwamshe saa kumi na moja alfajiri afagie uwanja, akileta uzembe bakora mbili, wiki moja tu atakuwa anasalimia mpaka mbuzi.

MtuWaGerezani

@Kamanda Mstaafu na heshima yako mzee wangu, nyie pia mlikuwa nao. Mnasahau. Darasani kwetu alikuwepo mmoja, mwalimu akimwita ubaoni anatetemeka mpaka chaki inadondoka. Tulimpa jina baya, nalo likamfuata mpaka alipoacha shule darasa la sita. Bakora alipewa za kutosha. Hakuna aliyesema anaumwa, tulisema mzito.

Kamanda Mstaafu

Sawa. Lakini uwanja afagie.

Baba_Ukonga

Uwanja anafagia mkuu, tena vizuri. Anaufagia alfajiri kabla hajalala, majirani hawajaamka. Mwanzoni nilidhani ni bidii.

kimya_kingi

Huwa nasoma tu nyuzi humu, ila hii imenigusa. Nina miaka 22, nipo chuo hapa mjini. Huyo kijana ni mimi wa 2019.

Niwape siri ya mtu wa namna hii. Basi la mwendokasi kwangu lilikuwa ukombozi, kwa sababu linasimama kituoni bila kumwambia mtu. Nilikuwa tayari kuzunguka, nikatembea dakika ishirini kutoka kituoni, kuliko kupanda daladala inayonifikisha mlangoni. Nikipita kijiweni nilikuwa naweka simu sikioni na kujifanya naongea. Siku moja ikaita ikiwa sikioni. Kijiwe kizima kilicheka, na mimi njia ile sikupita tena miezi mitano.

Mnachokiona nyinyi ni mtoto anayependa simu. Ndani ni hivi: kwenye WhatsApp naandika sentensi, naisoma, naifuta, naandika tena, natuma. Hakuna anayeona kuwa imenichukua dakika nne. Mdomoni hakuna kufuta. Ukishasema, imetoka, na uso wako upo pale pale. Kwa hiyo kila nilipokwepa watu nikaingia mtandaoni nilipata nafuu hapo hapo. Hiyo nafuu ndiyo tamu. Kumbe kila nikiipata, kesho yake watu wanatisha zaidi kidogo.

Humu nina machapisho zaidi ya elfu mbili na nabishana na wazee kama Kamanda bila wasiwasi. Kwenye sendofu ya dada yangu nilikaa nyuma ya spika.

Mnasihi_Temeke

Habari zenu. Nafanya kazi ya unasihi na vijana wa sekondari. @kimya_kingi umeeleza kwa aya mbili kitu ambacho sisi tunakisoma muhula mzima, asante.

Nianze na swali la mzee. Yote mawili ni kweli, lakini mara nyingi mguu wa kwanza ni hofu. Hofu ya watu kiasi cha kuwa tatizo huanza mapema kuliko wazazi wanavyodhani. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa 2013, unasema robo tatu ya wenye tatizo hili nchini kwao lilianza kati ya miaka 8 na 15. Kwa hiyo simu ya Novemba inawezekana ilimkuta mtoto ambaye tayari anakwepa. Jiulize mzee: darasa la saba alikuwa anainua mkono darasani?

Sasa simu inafanya nini. Mtafiti mmoja Mmarekani, Scott Caplan, aliandika 2003 kuhusu watu wanaopendelea kuhusiana na wenzao mtandaoni kuliko uso kwa uso, akaona upendeleo huo ndio mlango wa matumizi yaliyopitiliza. Mwaka 2007 akarudi na swali jingine: ni upweke au ni hofu? Akakuta hofu ya watu ndiyo inayobeba mzigo kuliko upweke wenyewe. Maana yake kijana haendi mtandaoni kwa kukosa rafiki. Anakwenda kwa sababu kule anaweza kupanga atakavyoonekana.

Kabla ya hapo, 1995, Waingereza wawili, Clark na Wells, walieleza kinachoendelea kichwani. Mtu mwenye hofu hii akiingia mahali penye watu, macho yake yanageuka ndani. Hamwoni konda wala abiria. Anajiona yeye mwenyewe kama anavyodhani wanamwona: mikono inatoka jasho, sauti itakwaruza, watacheka. Halafu anafanya vitu vya kujikinga, kama kuangalia chini, kufagia alfajiri, kuweka simu sikioni. Vitu hivyo vinamnyima ushahidi. Kijana wa mzee hajawahi kujua kwamba ukisema shusha hakuna anayegeuka, kwa sababu hajawahi kusema.

Ndiyo maana kabati halikusaidia. Ulimwondolea pa kujificha, lakini anachokikimbia ukakiacha pale pale.

Takwimu_Tu

Mnasihi, nakuheshimu, ila tusiwatishe wazazi kwa kila kitu cha mtandao. Mwaka 2019 Orben na Przybylski walichambua data za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza. Matumizi ya teknolojia yalieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti ya ustawi wao. Sifuri nukta nne! Hata "uraibu wa intaneti" hadi leo si ugonjwa unaotambulika rasmi. Kimberly Young alitunga dodoso la maswali 20 mwaka 1998, likaenea dunia nzima, lakini kilichoingia kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ICD-11, ni ugonjwa wa michezo ya kidijitali tu, ulioanza kutumika 2022.

Mnasihi_Temeke

@Takwimu_Tu uko sahihi, na nafurahi umeileta. Lakini 0.4 ni wastani. Wastani unachanganya binti anayetumia simu kupanga mechi ya netiboli na kijana aliyejifungia. Mmoja anafaidika, mwingine anazama, ukiwajumlisha unapata kitu karibu na sifuri.

Kuna mfano wa zamani unaonyesha hilo. Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake walifuatilia familia za Pittsburgh zilizopewa intaneti kwa mara ya kwanza, wakaona upweke umeongezeka kidogo. Kelele zikawa nyingi. Mwaka 2002 wakarudi kwa watu wale wale, madhara mengi yalikuwa yamefutika. Ila kwenye kundi jipya walilolichunguza, wachangamfu walizidi kunufaika na intaneti, wakimya wakazidi kuumia. Mwenye nacho akaongezewa. Kwa hiyo mimi siulizi mtoto yuko mtandaoni saa ngapi. Nauliza akitoka huko anakwenda wapi.

Takwimu_Tu

Hiyo nimeikubali. Nusu.

ticha_wa_zamu

Nafundisha sekondari hapa Dar, naongeza kitu ambacho hakimo kwenye tafiti za Wazungu. Mtoto wetu anasoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza anaamka asubuhi kila kitu ni Kiingereza. Mtoto aliyekuwa anaongea kama kasuku darasa la saba ananyamaza ghafla. Akikosea neno moja la Kiingereza darasa linaangua kicheko, na kesho yake lile neno limeshakuwa jina lake. Miaka minne ya hivyo, unategemea nini? Nina wanafunzi wangu wanaumwa tumbo kila siku ya kuwasilisha kazi ya kikundi, na tumbo linauma kweli, siyo usanii.

Hao hao ukiwakuta mtandaoni wanachekesha balaa. Kule wanaandika Kiswahili chao.

Baba_Ukonga

Mwalimu umenikumbusha kitu. Kidato cha pili alirudi nyumbani akasema hataki tena mdahalo. Nikamjibu "kazana tu." Sikuuliza kilitokea nini.

mama_wawili_Tabata

Naomba tuongelee na wasichana, maana wao wanajificha vizuri zaidi. Wa kwangu ana miaka 15. Ukoo mzima unamsifia: mpole, ana haya, haonekani barabarani, nani asiyetaka mtoto kama huyo? Na mimi nilitembea kifua mbele. Mpaka mdogo wangu aliponionyesha akaunti ya TikTok ya mtu anayeigiza sauti za mama mwenye nyumba, mpangaji na mwenyekiti wa mtaa, watu wanakufa kwa kicheko. Uso hauonekani, ni ukuta na mkono. Nikautambua ukuta. Ni wa chumba chetu.

Nilicheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi ya kweli. Mtoto mwenye mdomo ule, kwenye sherehe ya binamu yake aliomba abaki nyumbani akisema ana homa, kwa sababu kulikuwa na mpiga picha. Nikaja kujua hajapiga picha bila filta kwa karibu mwaka.

Kwetu sisi watu wa pwani haya ni sifa, na soni ni sifa. Ila haya ni mtu kujua mipaka yake mbele za watu, na bado anakaa nao. Huyu wangu anakosa pumzi. Tumevipa jina moja vitu viwili, na cha pili kimekaa nyumbani kwangu miaka kikipongezwa.

Kamanda Mstaafu

Mama, hiyo akaunti inaitwaje? Nauliza kwa nia njema.

mama_wawili_Tabata

Sisemi ng'o.

Mzalendo halisi

Serikali ipige marufuku mitandao kwa walio chini ya miaka 18, mjadala uishe. Australia wameshafanya.

Takwimu_Tu

Australia ni chini ya 16, imeanza Desemba 2025, tuwape muda tuone. Korea Kusini walitangulia: 2011 walizuia watoto chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2021 wakaamua kuifuta wenyewe. Watoto walikuwa wanaingia kwa namba za wazazi.

siti_ya_dirishani

Hapa kwetu watatumia kitambulisho cha NIDA cha bibi.

Baba_Ukonga

Wakuu, nimewasoma wote. Mnasihi, nifanye nini sasa? Julai anaripoti bweni, mkoa wa mbali, watoto arobaini bwenini. Nikiwaza hilo mimi ndiye ninayekosa usingizi.

Mnasihi_Temeke

Mzee, kwanza mrudishie simu, lakini usiku ilale sebuleni na za kwenu pia zilale hapo. Ukimnyang'anya yeye peke yake ni adhabu, na yeye hajakosa. Usingizi ndio wa kwanza kurekebisha, mtoto anayelala saa kumi alfajiri kila kitu kitamtisha.

Pili ndiyo kazi yenyewe, na haina njia ya mkato. Hofu hii inatibiwa kwa kuikaribia polepole, kuanzia chini. Kaeni wawili, mwulize yeye, siyo wewe umpangie, ni jambo gani la watu linamtisha kidogo na lipi linamtisha sana. Muanze na la chini kabisa. Labda ni kwenda kwa Mangi saa nane mchana wakati hakuna foleni. Alirudie hilo hilo mpaka limchoshe. Likishamchosha, panda moja. Kabla ya kutoka mwambie akutabirie: watageuka wangapi? Akirudi mwulize waligeuka wangapi. Usimpe hotuba, mwache ahesabu mwenyewe.

Usimsemee. Hapo ndipo wazazi tunapoharibu. Mgeni anamuuliza mtoto "unasoma wapi?" mama anajibu. Na usimlazimishe kwa kumuaibisha mbele ya wageni, "msalimie mjomba, kwani wewe bubu?" Hilo linamrudisha ngazi tano.

Ikiwa hali hii imezidi miezi sita na inamzuia shule au maisha ya kawaida, au ukimsikia akisema maneno ya kukata tamaa ya kuishi, usisubiri humu. Mpeleke hospitali ya rufaa, Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Na yeye mwenyewe anaweza kupiga 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure.

kimya_kingi

Nyongeza ndogo. Hao anaocheza nao Free Fire mzee usiwadharau. Mimi rafiki yangu wa kwanza wa ana kwa ana nilimpata huko, kumbe alikuwa anakaa Mabibo. Ilituchukua mwaka kuonana. Siku tuliyoonana tulikaa Coco Beach kila mtu anaangalia mihogo yake, hatusemi. Halafu akauliza gemu jana ilikuwaje, tukaongea mpaka giza.

Baba_Ukonga

MREJESHO. Samahani wakuu kwa ukimya, ni wiki saba sasa.

Tulianza na Mangi. Siku ya kwanza alitabiri watu wote dukani watamwangalia. Akarudi akasema walikuwa watatu na mmoja alimwangalia, ila yule alikuwa anadai chenji. Wiki ya pili tukahamia kwa kinyozi. Kinyozi ilikuwa kazi, siku mbili alifika mlangoni akarudi. Wiki ya nne ilitushinda kabisa, alikuja mjomba wake akamtania mbele ya watu, akajifungia siku tatu na mimi nikataka kuvunja mlango. Mama yake ndiye aliyenizuia. Mama yule yule wa "kiburi."

Shangazi bado haji. Hilo tuliache.

Jumamosi iliyopita tulipanda gari la Gongo la Mboto. Yeye siti ya katikati, mimi nyuma kabisa, tumekubaliana hatujuani. Kituo kikakaribia, nikamsikia: "shusha." Kwa sauti ya mbu. Konda hakusikia, muziki ulikuwa juu. Nikaona mabega yake yamepanda, nikajua imeisha, leo tunaanza upya. Mama mmoja wa kando yake mwenye ndoo akamtazama, hakusema kitu. Kijana akavuta pumzi akapiga kelele, na nasema kelele, "KONDA, SHUSHA HAPO!" Ile sauti ya usiku, ya kupanga kikosi. Watu wakageuka kweli! Kama sita hivi. Konda akagonga bodi, gari likasimama, yeye akaomba njia akashuka, watu wakarudi kwenye simu zao.

Mnasihi_Temeke

Waligeuka, na hakufa. Hiyo ni bora kuliko wasingegeuka.

siti_ya_dirishani

Hongera mzee. Ila wewe ulishukaje, si mlikuwa hamjuani?

Baba_Ukonga

Sikushuka. Nilikuwa nimegeuka namwangalia dirishani anavyovuka barabara, nikaja kushtuka tumeshafika Mombasa.